Mti wa Ukoo Unapokataa: Kutambua Chanzo cha Hitilafu Unapotafuta Nasaba ya Unguja na Pemba Mtandaoni

Mzanzibari anayefungua akaunti ya bure ya FamilySearch au WikiTree, tovuti za kutafutia nasaba, akaandika jina la babu yake na kubonyeza kitufe cha kutafuta, aghalabu hupata jibu moja kati ya mawili: ama hakuna kitu kabisa, ama maelfu ya watu wasiomhusu hata kidogo. Wengi huishia hapo, wakaamini kwamba zana hizo hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake. Visanduku vya tovuti hizo vilichorwa kwa ajili ya mtu mwenye jina la ukoo lisilobadilika, tarehe ya kuzaliwa ya kalenda ya Kizungu na kitabu cha ubatizo, ilhali sisi tuna mnyororo wa majina ya baba, miezi ya mfunguo, na karatasi zilizofungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba. Karibu kila hitilafu inayoelezwa hapa inatokana na pengo hilo, na nyingi hurekebishika bila ya kulipa senti.

Kabla ya kurekebisha lolote, chukua daftari uandike kile ulichokijaza kwenye kisanduku, herufi kwa herufi, pamoja na jibu ulilopewa. Badilisha kitu kimoja tu kila unapojaribu tena. Anayebadilisha jina, mwaka na mahali kwa pamoja hatajua ni lipi lililofungua mlango.

Dalili ya kwanza: utafutaji haurejeshi kitu

Sababu ya kawaida ni tahajia. Jina moja huandikwa Khamis, Hamis na Hamisi. Othman, Uthman na Athumani. Fatma, Fatima na Fatuma. Suleiman, Sleiman na Selemani. Karatasi nyingi za Zanzibar zina mkato wa Moh'd, ambao kwa msomaji wa Mchambawima au Wete ni Mohamed bila ya shaka yoyote, lakini kwa mashine huenda ukawa ni jina jingine kabisa. Jaribu kila sura ya jina peke yake, na pale tovuti inaporuhusu alama ya nyota kusimama badala ya herufi usizozijua, itumie. Ikiwa jamaa waliondoka kwenda Oman, tafuta pia kwa utaratibu wa kule, kwa sababu mtu aliyekuwa akijulikana Unguja kwa jina lake, la baba na la babu, huenda karatasi zake za Maskati zikaongeza "bin" kati ya majina na kuishia kwa jina la kabila ambalo nyumbani halikuwa likitajwa kila siku.

Ukishajaribu sura zote na bado hakuna kitu, tatizo huenda si jina. FamilySearch imetokana na jumuiya ya nasaba iliyoanzishwa Utah, Marekani, mwaka 1894, na inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Rekodi zake zilizopangwa kwa majina zimeegemea sana vitabu vya makanisa na sensa za Ulaya na Amerika. Ndoa za wazee wetu zilifungwa mbele ya kadhi au shekhe wa mtaa, watoto walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, na ripoti za sensa zilizochapishwa wakati wa ukoloni hutoa idadi za watu, si majina yao. Kwa hiyo ukimya wa mashine si ushahidi kwamba babu hakuwapo. Familia zinazotofautiana na hali hiyo ni zile zenye asili ya Mkunazini au Mbweni, ambako misheni ya Kianglikana iliwapokea watu waliokombolewa utumwani, pamoja na Wagoa Wakatoliki. Hao wana matumaini makubwa zaidi ya kukuta jina katika kitabu cha ubatizo.

Aliyebaki aelekeze nguvu kwenye karatasi zenyewe: hati za wakfu, hukumu za mirathi, vyeti vya ndoa, na nyaraka zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, ambazo ziko kwa Kiarabu, Kiingereza na lugha nyenginezo. Kwa vizazi vya karibu, cheti cha kuzaliwa au kifo hupatikana kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 na kurithi kazi ya usajili iliyokuwapo kabla yake. Zana ya mtandaoni hapo inakuwa kabati la kuhifadhia ulichokipata kwa miguu yako, na si kisima cha kuchotea.

Dalili ya pili: jina la ukoo linabadilika kila kizazi

Umeingiza Makame Juma Haji, baba yake Juma Haji Vuai, na babu yake Haji Vuai Makame. Mti unaonyesha koo tatu tofauti, na tovuti inakupendekezea "jamaa" kwa sababu tu nao wanaishia na Haji. Hapa mashine imefanya ilivyofundishwa: imelichukua neno la mwisho ikaliita jina la ukoo.

Katika FamilySearch dawa ni kuandika mnyororo wote wa majina kwenye kisanduku cha jina la kwanza na kukiacha kile cha jina la ukoo kitupu, isipokuwa kama familia ina nisba, yaani jina la kabila au ukoo, inayotumika kweli kweli vizazi vyote. Usibuni nisba ili kuiridhisha tovuti. WikiTree, iliyoanza mwaka 2008, haikubali kisanduku hicho kibaki kitupu, hivyo weka hapo jina la baba na ueleze katika maelezo ya mtu huyo kwamba si la ukoo. Programu ya Gramps, ambayo hupakuliwa bure na kuwekwa kwenye kompyuta, ndiyo iliyo na adabu zaidi kwetu katika jambo hili: inakuruhusu kumpa mtu majina kadhaa na kueleza kwamba hili ni la baba, si la ukoo. Lolote utakalochagua, lifuate kwa watu wote, maana mti ulioandikwa kwa taratibu tatu haufai hata kwa aliyeuandika.

Wanawake wana tatizo lao. Bibi anakumbukwa kama Mama Asha, au kwa kijiji alichotoka, "bibi wa Kengeja", na jina lake la kuzaliwa limefifia. Mwandike kwa jina hilo hilo la kuitiwa kwenye sehemu ya majina mengine, uache jina la kuzaliwa wazi, na usimpe jina la mumewe. Kwa desturi yetu mwanamke habadilishi jina anapoolewa, na ukimbadilishia wewe, mjukuu atakayekuja kumtafuta kwa jina la baba yake hatampata.

Dalili ya tatu: mtu aliyekufa juzi amezaliwa mwaka 1350

Hitilafu hii huchekesha inapoonekana mara ya kwanza, kwa kuwa tovuti hutoa onyo kwamba mtoto amemtangulia baba yake kwa miaka mia tano. Chanzo chake ni mwaka wa Hijria ulioandikwa kwenye karatasi na kuingizwa kama ulivyo. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 33 ya Hijria ni karibu sawa na 32 ya Miladi, na kutoa 622 peke yake hakutoshi. Mwaka 1350 wa Hijria ulianza Mei 1931.

Kosa lililojificha zaidi ni la mwezi. Kwenye jalada la Msahafu imeandikwa "12 Mfunguo Sita 1350", na kijana anajaza tarehe 12 Juni. Mfunguo Mosi ni Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, na kutoka hapo hesabu huendelea hadi Mfunguo Sita, ambao ni Rabiul-awwal, mwezi wa Maulidi. Mwaka wa Hijria wenyewe hubadilika Mfunguo Nne, yaani Muharram. Kwa mfano wetu, mtoto huyo alizaliwa mwishoni mwa Julai 1931. Vikokotoo vya bure vya kubadilisha kalenda hutoa siku kamili, lakini mwezi ulikuwa ukiandama kwa kuonekana, kwa hiyo acha nafasi ya siku moja au mbili. Tena, wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku tunaouita leo Alhamisi usiku, kwa kuwa siku huanza jua linapotua. Gramps inaikubali kalenda ya Kiislamu moja kwa moja, nami nashauri tarehe iingizwe humo kama ilivyo kwenye karatasi, kisha programu ifanye kazi ya kuilinganisha.

Pale pasipo tarehe yoyote, mzee hukumbuka kwa tukio, na hilo ni ushahidi mzuri kuliko mwaka wa kukisia. Aliyezaliwa kabla ya kimbunga kikubwa alikuwapo kabla ya Aprili 1872, na huyo aghalabu ni wa Unguja, kwa kuwa kimbunga hicho kiliangusha minazi na mikarafuu ya kisiwa hicho na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa. Kupigwa mizinga kwa jumba la Sultani kulikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Meli ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa na Wajerumani mbele ya mji tarehe 20 Septemba 1914. Vita vya ng'ombe, yaani ghasia za wakulima waliopinga ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima, vilikuwa mwaka 1951. Ukisikia "nilikuwa nimeanza chuoni vita vya ng'ombe vilipotokea", yaani chuo cha Kurani, usiandike kwamba alizaliwa 1945 kana kwamba umeona cheti. Andika "kati ya 1943 na 1946", na uyaweke maneno ya mzee mwenyewe chini yake. Hesabu za Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, ambazo wazee wa Makunduchi wanazijua kwa sababu ya sherehe ya Mwaka Kogwa, ni za jua na hazibadiliki kwa kikokotoo cha Hijria.

Dalili ya nne: mtu yule yule anaonekana mara mbili, au watoto wamepotea

Usikimbilie kufuta. Gusa majina yote mawili uangalie namba ya utambulisho ambayo tovuti humpa kila mtu. Namba zikiwa mbili, umemwandika mara mbili na unapaswa kuziunganisha. Namba ikiwa moja, mti uko sahihi na ni nasaba yenyewe iliyojikunja: watoto wa ami wameoana, na babu wa baba ndiye babu wa mama. Katika vijiji vyetu, na hasa katika visiwa vidogo kama Kojani na Tumbatu, hali hiyo ni ya kutarajiwa.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mjukuu hupewa jina la babu, na baada ya vizazi vinne kunakuwa na Juma Makame wawili katika kijiji kimoja, ambao tovuti itakushauri uwaunganishe. Kataa ushauri huo mpaka uwe na mambo matatu yanayolingana: mke, mtoto mmoja anayejulikana, na mtaa au shamba.

Watoto wanaopotea aghalabu ni wa mke mwengine. Michoro ya FamilySearch huonyesha wanandoa wawili tu kwa wakati mmoja, na mshale mdogo kando ya jina la mume ndio unaofungua wake wengine. Hakikisha pia kila mtoto ameunganishwa na mama yake hasa, ili ndugu wa baba mmoja wasigeuke kuwa wa tumbo moja.

Kuna uhusiano ambao kisanduku cha kawaida cha mzazi na mtoto hakiutoshi. Mtoto aliyelelewa na bibi yake au khalati yake hujulikana mtaani kama mtoto wa mlezi, na mara nyingi msimulizi hatataja tofauti mpaka aulizwe. Ndugu wa kunyonya ziwa moja ni maharimu, hawaoani, lakini hawarithiani. Wakiingizwa kama watoto wa mama mmoja, mti utasema jambo lisilo kweli mbele ya atakayeutumia katika mirathi. Kwa malezi, tumia sehemu ya aina ya uzazi iliyomo ndani ya Gramps. Kwa ziwa, tumia sehemu ya mahusiano mengine na uandike kwa Kiswahili.

Jambo la utumwa linahitaji uangalifu wa peke yake. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na baadhi ya walioachwa huru waliendelea kutajwa kwa ukoo wa waliokuwa mabwana zao. Ukikuta mstari unaorukia ghafla kwenye ukoo mkubwa bila ya jina la mama wala kijiji, huenda hiyo ndiyo sababu. Jina peke yake, hata likiwa Feruzi au Mtumwa, halithibitishi kitu, kwani majina hayo yamerithiwa na watu wa kila namna. Nikikuta ushahidi wa wazi mimi huuandika kwenye nakala ya nyumbani na kuwauliza wazee kabla ya kuupeleka mtandaoni.

Dalili ya tano: kamera ya kutafsiri inatoa maneno yasiyo na maana

Umeipiga picha barua ya babu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, nayo imerejesha upuuzi. Huenda barua haiko kwa Kiarabu kabisa: ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mashine imekilazimisha kiwe Kiarabu. Mpe mtu aliyesoma chuoni ayatamke maneno kwa sauti. Ukisikia "ama baada ya salamu" na yanayofuata unayaelewa, umepata jibu. Mwandiko huo wa zamani hautofautishi vizuri p na b, v na f, wala e na i au o na u, kwa hiyo msomaji anayeijua familia na majina ya mashamba yake ni bora kuliko msomi wa mbali. Mrekodi akisoma, kisha uandike mwenyewe.

Dalili ya sita: mtu asiyejulikana ameubadilisha mti

Katika FamilySearch na WikiTree hakuna mti wako peke yako. Kuna mti mmoja wa dunia nzima, na wenye akaunti wanaweza kuwagusa marehemu wengi walioingizwa na wengine. Fungua historia ya mabadiliko ya mtu huyo, utaona nani alibadilisha nini na lini, na unaweza kurejesha hali ya awali. Mwandikie kwa upole kabla ya kurejesha, kwa maana mara nyingi huwa ni binamu wa Mombasa au London mwenye karatasi usiyonayo. Mabadiliko hupungua sana pale kila taarifa inapoambatanishwa na chanzo chake, hata kama chanzo ni "kauli ya bibi, Ole, baada ya sala ya Alasiri".

Waislamu wajue pia kwamba waumini wa kanisa linaloendesha FamilySearch hufanya ibada ya ubatizo kwa niaba ya jamaa zao waliofariki. Familia isiyoridhika na jambo hilo iutunze mti wake kwenye Gramps, ambayo hubaki katika kompyuta ya mwenyewe.

Dalili ya saba: jamaa hawaoni ulichowatumia

Ukiwa umewaingiza watu walio hai kwenye FamilySearch, kwa kawaida wewe uliyewaingiza ndiye unayewaona. Hiyo ni kinga ya faragha na si hitilafu. Angalia kama kuna marehemu aliyesahauliwa akabaki na alama ya kuwa hai, umrekebishe. WikiTree inakupa orodha ya watu unaowaamini kwa kila jina, nayo ni njia nzuri kwa ndugu wa karibu.

Picha iliyofika ikiwa na ukungu imebanwa na WhatsApp. Itume kama hati badala ya picha, nayo itafika ilivyo. Piga pia mgongo wa picha, kwa sababu muhuri wa studio ni tarehe ya nusu: wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1930 ilipofunguliwa. Picha za marehemu kwenye mti wa pamoja huonekana na kila mtu, basi pata idhini ya familia kabla ya kuweka picha ya bibi aliyepigwa ndani ya nyumba akiwa kichwa wazi.

Faili la GEDCOM halifunguki kwenye simu ya shangazi, wala halikukusudiwa hivyo. Ni faili la kuhamishia mti kutoka programu moja hadi nyengine. Shangazi mpelekee PDF. Herufi za Kiarabu zikigeuka alama za kuuliza, litoe upya faili ukichagua usimbaji wa UTF-8. Picha zikikosekana baada ya kuhama, kumbuka kwamba GEDCOM ya kawaida hubeba njia ya kuzifikia picha, si picha zenyewe. Gramps ina kifurushi chake kinachobeba vyote pamoja.

Dalili ya mwisho hujitokeza baada ya miaka: mti upo, lakini hakuna awezaye kuingia, kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa namba ya simu ya kijana mmoja ambaye laini yake imeshafungwa. Fungua akaunti kwa barua pepe ambayo watu wawili wa familia wana nenosiri lake. Kila baada ya Idi mbili toa nakala ya mti wote, uiweke kwenye flashi mbili, moja ibaki Unguja na nyengine ivuke na boti kwenda Pemba, kwenye sanduku lile lile la hati ya shamba.